Dkt Allison na kitendawili cha damu kando ya ziwa

Huenda mzazi wa Homa Bay au Migori anayemlea mtoto mwenye selimundu hajapata kulisikia jina la Dkt Anthony Allison, ilhali ndiye aliyefumbua kitendawili cha kukithiri kwa maradhi hayo kando ya Ziwa Victoria.

Alizaliwa Afrika Kusini mwaka wa 1925, akalelewa shambani katika Bonde la Ufa, Kenya, kisha akasomea udaktari Uingereza. Mwaka wa 1949 alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja Mlima Kenya, akajitwika kazi ya kupima damu za jamii mbalimbali. Pwani na kando ya ziwa, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na jeni ya selimundu. Katika nyanda za juu, hata asilimia moja haikutimia.

Yai la mwanamke linapokomaa, kromosomu zake 46 hugawanywa, zikabaki 23. Jeni hiyo imo katika kromosomu ya 11. Mama mwenye nakala moja mbovu yu mzima, lakini kila yai lake lina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuibeba. Na mbegu za baba aliye kama yeye ni vivyo hivyo. Hivyo kila mimba yao ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa. Zama hizo wengi wa watoto hao walikufa wakiwa wachanga. Mbona basi jeni yenyewe isitoweke?

Allison alishuku malaria. Alirejea mwaka wa 1953, akapima watoto 290 wa Kiganda, kisha akawaambukiza malaria wanaume 30 Waluo waliojitolea. Kati ya 15 wasio na jeni hiyo, 14 walipatikana na vimelea. Kati ya 15 walio nayo, wawili tu. Leo jaribio la aina hiyo haliwezi kuanza bila idhini ya kamati ya maadili, na si haki kwamba jina la daktari limedumu huku wale 30 wakikumbukwa kwa idadi tu.

Matokeo aliyoyachapisha mwaka wa 1954 yalipokelewa kwa shaka na baadhi ya wanasayansi, ingawa sasa hufundishwa vyuoni kote. Baadaye, pamoja na mkewe, Elsie Eugui, alishiriki kubuni dawa inayozuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa. Alifariki Marekani mwaka wa 2014.