Alison Hargreaves, mama aliyepanda Everest bila mtungi wa oksijeni

Msikilizaji, mlima wetu Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895. Everest, ulio mpakani mwa Nepal na China, una mita 8,848. Kule kileleni, pumzi moja humpa mtu takriban theluthi tu ya oksijeni tunayoipata ufukweni. Ndiyo maana wapandaji wengi huenda na mitungi ya oksijeni, na wapagazi wa Kisherpa huwabebea mizigo.

Alison Hargreaves alifika huko bila mtungi, akijibebea mzigo wake mwenyewe.

Alizaliwa Uingereza, jimbo la Derbyshire, tarehe 17 Februari 1962, na alianza kupanda miamba akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 1988 alipanda ukuta wa kaskazini wa mlima Eiger, Uswisi, akiwa na mimba ya miezi zaidi ya mitano. Mwaka 1993, biashara ya mumewe ikiwa imeanguka na nyumba imekwenda, familia ilihamia milima ya Alps na gari lao kuukuu. Huko alipanda peke yake kuta sita kubwa za kaskazini katika msimu mmoja. Kupanda milima kulikuwa ndiyo kazi yake.

Everest aliimaliza tarehe 13 Mei 1995. Akiwa kileleni alituma salamu za upendo kwa wanawe, Tom na Kate, kwa simu ya upepo. Magazeti ya kwao yalimshangilia.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 13 Agosti, alifika kilele cha K2, mlima wa mita 8,611 mpakani mwa Pakistani na China. Wakati wa kushuka, dhoruba iliwakumba. Yeye na wenzake kadhaa hawakurudi. Alikuwa na miaka 33, Tom miaka 6, na Kate miaka 4.

Hapo sifa zikageuka lawama: mama gani huacha watoto wadogo? Akina baba wengi wamefia milimani, na ni nadra kusikia wakiulizwa hivyo. Sisi tunaona swali la watoto ni halali, ila liulizwe kwa wazazi wote.

Tom naye alikuwa mpandaji. Alizipanda kuta zile zile sita peke yake, katika majira ya baridi ya 2014 hadi 2015. Mwaka 2019 alifia Nanga Parbat, Pakistani.