Bibi Florence Nightingale, Mwuguzi

Jina la Bibi Florence Nightingale lajulikana na kila mwuguzi aliyepita chuoni, na wengi wamemwona katika picha, ameshika taa kati ya vitanda vya askari. Lakini si wengi wajuao jinsi alivyojifunza kazi yake, wala uchungu alioupata katika kujifunza huko.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, nchi ya Italia, wazazi wake Waingereza wenye mali wakiwa safarini. Ndipo akapewa jina la mji ule. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alisadiki kwamba Mungu amemwita katika utumishi, lakini utumishi upi hakujua, akangoja miaka mingi. Hata alipotambua kwamba ni kuuguza wagonjwa, mama yake na dada yake walikasirika mno. Siku zile wanawake wauguzao hospitalini walisemwa kwa ulevi, wala binti wa nyumba kubwa hakutazamiwa kukaa miongoni mwao.

Mwaka 1851 alikaa miezi 3 huko Kaiserswerth, Ujerumani, katika nyumba ya masista iliyofunguliwa mwaka 1836 na Mchungaji Theodor Fliedner pamoja na mkewe Friederike. Ndiyo nyumba iliyoamsha tena udiakonia wa wanawake katika makanisa ya Kiinjili. Baadaye Bibi Nightingale alinena kwamba hospitali ya pale ilikuwa chafu na uuguzi wake si kitu, lakini hajapata kuona mahali pengine upendo safi kama ule. Mambo hayo mawili hayakumtoka tena.

Katika Vita vya Krimea, Waingereza, Wafaransa na Waturuki walipopigana na Warusi, askari Waingereza walioumia walivushwa bahari mpaka Scutari, ng'ambo ya mji wa Constantinople. Bibi Nightingale akafika huko tarehe 4 Novemba 1854 pamoja na wanawake 38: masista 10 wa Kikatoliki, 14 wa Kianglikana, na wauguzi 14 wa hospitali. Baadhi ya masista walikuwa wapole sana katika kumfariji mgonjwa, huku wakimwacha alale katika uchafu wake. Wauguzi wengine walikuwa hodari wa mikono, lakini walilewa, naye akawarudisha kwao.

Usiku alizunguka vyumbani na taa yake. (Haikuwa kama ile ya katika picha nyingi, bali fanusi ya Kituruki ya kukunjwa.) Aliketi na waliokuwa wakikata roho, kisha akawaandikia mama zao na wake zao. Aliwasaidia askari kupeleka fedha nyumbani na kuwawekea chumba cha kusomea, ingawa wakubwa wengi walidhani askari hajui ila pombe.

Walakini watu walizidi kufa. Mwezi wa Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa 42, wengi wao si kwa majeraha bali kwa homa na kuhara. Chini ya jengo mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba. Mwezi wa Machi wakaja wakaguzi kutoka Uingereza, wakaisafisha mifereji, wakazipaka kuta chokaa. Hata kufika Juni walikufa 2 tu katika 100. Alipokwisha rudi kwao mwaka 1856, Bibi Nightingale akazichungua hesabu hizo pamoja na William Farr, mjuzi wa hesabu za vifo, nazo zikamchoma. Wengi wa wale aliowashika mikono walikuwa wakiuawa na nyumba yenyewe. Mwaka 1857 akaugua sana, na miaka mingi baadaye alifanya kazi kitandani.

Huenda kulala huko kulimfundisha mengine. Katika kitabu chake juu ya uuguzi, cha mwaka 1859, hasemi habari za hewa safi na maji peke yake. Aeleza kwamba hofu, kungoja, na kutojua litakalokuja humdhuru mgonjwa kuliko kazi. Mtu asinong'one mlangoni na daktari au jamaa, kwa maana mgonjwa hutega sikio na kuwaza mabaya. Mgeni aketi anapoonekana, asimlazimishe mgonjwa kugeuza shingo. Wala asimwambie kwa uchangamfu kwamba atapona, ikiwa hajui. Mgonjwa aona kwamba hakusikilizwa, akanyamaza na shida yake. Mwuguzi ausome uso, kwa kuwa wengi hawasemi. Wazee wa kanisa wazuruo wagonjwa wangefaidika na mlango ule mmoja tu.

Mwaka 1860 alifungua chuo katika hospitali ya St Thomas, London. Msimamizi aliandika kila mwezi habari za kila mwanafunzi: kufunga vidonda, na pia ukweli wake, utulivu wake, na uaminifu wake. Kwa sababu hiyo alipinga wauguzi wasiandikishwe na serikali kwa mtihani, akidai kwamba moyo haupimiki kwa karatasi. Hapo simfuati, mgonjwa hawezi kumchagua amwuguzaye, basi yafaa mtu apimwe kwanza.

Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, mwenye miaka 90. Jamaa zake hawakukubali azikwe pamoja na wakuu huko Westminster, kama alivyotaka mwenyewe. Yupo East Wellow, karibu na wazazi wake, na juu ya jiwe zimeandikwa herufi mbili za jina lake na miaka yake.