Seyyid Khalifa bin Harub: Mfalme Aliyekaa Kitini Karibu Miaka 49

Wazee wetu waliozaliwa Unguja na Pemba kabla ya mwaka 1960, wakimtaja Mfalme bila ya kutaja jina, mara nyingi humkusudia mtu mmoja tu, naye ni Marehemu Seyyid Khalifa bin Harub bin Thuwaini Al-Busaidi. Tangu dola ya Oman na Zanzibar igawanywe mwaka 1861, hakuna Sultani wa Zanzibar aliyekaa kitini muda mrefu kama yeye. Vijana wetu waliozaliwa Maskati, Dubai na Doha huenda wamemuona kwenye stempu za zamani tu, na kilemba chake na ndevu zake nyeupe. Inafaa wamjue zaidi ya hapo.

Alizaliwa Maskati tarehe 26 Agosti 1879. Babu yake, Seyyid Thuwaini, alikuwa Sultani wa Maskati, na Seyyid Said bin Sultan alikuwa baba wa babu yake. Kwa hiyo yeye ni kitukuu cha yule aliyehamishia makao yake Unguja na kuipa karafuu nguvu. Mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 14, alivuka bahari kwenda Zanzibar. Mwaka huohuo ami yake, Seyyid Hamad bin Thuwaini, alishika ufalme.

Miaka mitatu baadaye Seyyid Hamad alifariki, na Seyyid Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari zao zililipiga kasri mizinga, na kwa muda usiofika saa moja watu mia kadhaa waliuawa au kujeruhiwa. Seyyid Khalifa alikuwa ametimiza miaka 17 siku moja tu kabla. Kuanzia siku ile kila mtu Unguja alijua nani mwenye nguvu.

Mwaka 1900 alimuoa Bibi Matuka, binti wa Sultani Hamud bin Muhammad. Aliyemrithi Seyyid Hamud ni mwanawe, Seyyid Ali, aliyesomeshwa Uingereza. Seyyid Ali aliuacha ufalme mwezi wa Disemba 1911 akiwa Ulaya, na shemeji yake Seyyid Khalifa akakalishwa kitini. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Kitu alichokirithi kilikuwa kizito kwa jina na chepesi kwa madaraka. Zanzibar ilikuwa himaya ya Waingereza tangu 1890. Haukupita muda mrefu, mambo yake yakahamishiwa Wizara ya Makoloni, na akawekwa Balozi Mkaazi wa Kiingereza kuendesha serikali. Mwaka 1926 yakaanzishwa Baraza la Utendaji na Baraza la Kutunga Sheria. Sheria zilitoka kwa jina la Sultani na bendera yake nyekundu ilipepea, lakini fedha, polisi na maofisa wakubwa walikuwa mikononi mwa Balozi. Mimi niliyefanya kazi ya ukarani maisha yangu yote najua kwamba anayetia saini si lazima awe ndiye aliyeandika barua. Seyyid Khalifa alitia saini kwa karibu miaka 49.

Lakini asidhaniwe kuwa hakuwa na kazi. Kazi yake ilikuwa kubaki juu ya ugomvi. Yeye alikuwa Ibadhi na wengi wa raia zake ni Sunni wa madhehebu ya Shafi, na makadhi wa pande zote mbili walikuwepo serikalini. Vita vya kwanza vilipozuka na Uturuki ikawa upande wa Wajerumani, aliwataka Waislamu wa Afrika Mashariki watulie wasifuate mwito wa vita. Bandari yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kuonja moto: mwezi wa Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza papo hapo Unguja. Katika miaka ya 1930 bei ya karafuu ilipoanguka, wenye mashamba wengi walikuwa na madeni kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Sheria mpya za serikali juu ya ardhi na karafuu zikawafanya Wahindi wagome kununua, hata yakafikiwa mapatano mwaka 1938. Wote wale walikuwa raia wake.

Heshima yake ilivuka bahari. Mwambao wa Kenya, pamoja na Mombasa, kwa mkataba wa 1895 ulibaki mali ya Sultani ingawa ulitawaliwa na Waingereza, na bendera yake ilipepea Ngome ya Yesu. Mwaka 1953 alikwenda London kwa sherehe za kutawazwa Malkia Elizabeth, na mwaka uliofuata stempu zilitolewa kwa kutimiza kwake miaka 75.

Mwezi wa Julai 1951 wakulima wa Kiembe Samaki, ambao kabla ya hapo ardhi ilichukuliwa kwao kwa ajili ya uwanja wa ndege, walikataa ng'ombe wao wachanjwe kwa amri. Wenzao walipofungwa, umati ulitaka kuwatoa kwa nguvu, polisi wakapiga risasi na watu wakafa. Wakulima walewale baadaye walianzisha chama, wakakipa jina la chama cha raia wa Sultani wa Zanzibar. Walikuwa wameghadhibika na serikali iliyotoa amri kwa jina lake, lakini yeye mwenyewe waliendelea kumhesabu kuwa ni wao. Sidhani kuna ushahidi mkubwa zaidi wa daraja aliyokuwa nayo mbele ya watu.

Uchaguzi wa kwanza ulifanywa Julai 1957, na vyama vikaanza kugombana mitaani na mashamba. Tarehe 9 Oktoba 1960 Seyyid Khalifa alifariki, akiwa na umri wa miaka 81. Mwanawe, Seyyid Abdulla, akamrithi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Uchaguzi wa Januari 1961 ulitoa viti 10 kwa chama kimoja, 9 kwa cha pili na 3 kwa cha tatu, na ule uliorudiwa mwezi wa Juni ulileta fujo zilizoua watu 68. Seyyid Abdulla, aliyekuwa mgonjwa, alifariki Julai 1963. Uhuru ulikuja Disemba 10 chini ya mwanawe, Seyyid Jamshid, katiba ikimfanya mfalme asiyeingilia siasa. Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964, miaka 3 na miezi 3 tu baada ya kifo cha mzee.

Wako wanaosema angekuwa hai yasingetokea. Hilo analijua Mungu. Ninaloliona mimi ni kwamba kwa nusu karne watu walijifunza kumheshimu mtu, na hawakupewa nafasi ya kujifunza kuheshimiana wenyewe kwa wenyewe katika mabaraza na masanduku ya kura mpaka muda ulipokwisha. Lawama kubwa ya hilo si yake, kwani funguo hakuwa nazo. Yeye alilinda alichopewa, na alikilinda kwa upole.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu wote waliopotea baada yake, wa kila upande.