Siti binti Saad: Sauti ya Fumba iliyoingia majumbani kwa santuri

NI vigumu kuieleza historia ya muziki wa mwambao wa Afrika Mashariki bila kulitaja jina la Siti binti Saad. Mwanamke huyu, aliyefariki dunia Julai 8, 1950, anatajwa kuwa wa kwanza miongoni mwa wanawake wa eneo hili ambaye sauti yake ilinaswa katika santuri na kuuzwa madukani.

Jambo linalotajwa kwa nadra ni kwamba jina lake limefungamana na swali linalowashughulisha wapenzi wa muziki hadi leo: ni chombo gani kiwekwe nyumbani ili sauti ya mwimbaji isikike kama ilivyotoka kinywani mwake?

Siti alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Baba yake alikuwa na asili ya Kinyamwezi na mama yake ya Kizigua, na maisha yao yalikuwa ya dhiki katika zama ambazo utumwa ulikuwa bado unatambuliwa kisheria visiwani humo, hadi mwaka 1897.

Hakubahatika kupata elimu ya shule. Alijifunza ufinyanzi, akawa anajitwika vyungu na kwenda kuviuza, huku akiwaita wateja kwa kuimba. Wanunuzi waliitambua sauti kabla ya kuiona sura.

Mwaka 1911 alihamia mjini Unguja. Huko alikutana na mwanamuziki Ali Muhsin, aliyemfundisha kuimba kwa kufuata kanuni za taarab pamoja na kupiga ala. Baadaye akawa pamoja na wanamuziki mahiri, wakiwamo Subeti Ambar, Maalim Shaaban, Mbaruk na Budda bin Mwendo. Baadaye akavishwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, likalifuta lile la Mtumwa.

Hadi wakati huo taarab ilikuwa muziki wa kasri na wa wakubwa, ukiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliuimba kwa Kiswahili, akaingiza ndani yake mambo ya mitaani: hukumu za mahakama, dhuluma za wenye mali na mateso ya wanawake. Aliitwa kuimba mbele ya Sultani, na wakati huohuo akawa mwimbaji wa watu wa Ng'ambo.

Machi 1928, Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, yenye nembo ya His Master's Voice. Bahati ilikuwa upande wake. Kabla ya mwaka 1925 waimbaji walilazimika kupaza sauti mbele ya pembe kubwa, na mengi yakapotea. Siti alifika wakati maikrofoni ya umeme ilikwisha kuanza kutumika, chombo kilichoweza kunasa hata sauti ya chini na mtetemo wa koo.

Hata hivyo, mipaka ilikuwapo. Upande mmoja wa santuri ulichukua takribani dakika tatu tu, hivyo wimbo ambao barazani ungeimbwa kwa muda mrefu ulipaswa kukatwa. Santuri za zama hizo zilibeba mitetemo ya kati ya takribani 100 na 5,000 kwa sekunde, ilhali sikio zima la binadamu husikia kuanzia 20 hadi 20,000.

Pamoja na hayo, santuri hizo zilipokewa kwa shangwe. Inakadiriwa kwamba kufikia mwaka 1931 nakala 72,000 zilikuwa zimeuzwa, na kampuni nyingine nazo zikaingia katika biashara hiyo. Mtu wa Kurui, Kisarawe, ambaye hakuwa na nauli ya kuvuka bahari, angeweza kumsikia Siti endapo tu gramafoni ingekuwapo jirani.

Hapo ndipo uteuzi wa chombo ulipokuwa na uzito. Gramafoni ndogo ya mkononi ilikuwa nafuu na haikuhitaji umeme, kwani iliendeshwa kwa kamani, lakini pembe yake fupi ilitoa sauti ya puani na kuuficha mngurumo wa udi. Mwaka 1927 kampuni hiyohiyo ilianza kuuza gramafoni za kabati zenye pembe ndefu iliyokunjwa ndani, ambazo zilirudisha sauti nene kwa uaminifu zaidi. Hizo zilikuwa za wenye uwezo. Hivyo Siti wa tajiri na Siti wa maskini hawakusikika sawa, ingawa santuri ilikuwa moja.

Tofauti hiyo haijatoweka. Spika za gharama kubwa za leo hutofautiana kama gramafoni za jana, na bei pekee si dalili ya ubora. Wahandisi wa Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, katika karne ya 20 walizipima spika kwa kulinganisha sauti ya mtu aliyekuwa akizungumza studioni na ile iliyotoka katika spika. Sababu ni kwamba hakuna sauti ambayo sikio huijua kuliko ya binadamu, na kasoro yake hubainika mara moja.

Kwa rekodi za Siti, kipimo hicho kinafaa zaidi ya vingine. Spika inayotia chumvi katika sauti nyembamba huzidisha mkwaruzo wa santuri kuukuu, na ile ya kishindo cha chini huongeza kitu ambacho hakikurekodiwa. Inayofaa ni ile iliyo wazi na tulivu katika sauti ya kati, mahali maneno yanapokaa.

Mwandishi Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Waliomsikia ana kwa ana katika ujana wake wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Kilichobaki ni mikwaruzo ya santuri, na chombo ambacho msikilizaji ameamua kukiweka sebuleni. Chombo hicho kikiwa kiongo, binti wa Fumba husingiziwa sauti isiyokuwa yake.