Beryl Markham: Rubani asiyekuwa na kampuni

VIJANA wetu waliosomea urubani huniuliza swali moja: nianze na shirika gani la ndege? Mwingine anaitazama RwandAir, mwingine Kenya Airways au Ethiopian, mwingine anaota mashirika makubwa ya Ghuba. Mimi si rubani. Mimi ni mtu wa mizigo niliyekaa Nairobi miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na ninachojua ni mikataba na bei. Lakini kuna mtu mmoja wa Nairobi, aliyefariki zamani, ambaye maisha yake yanajibu swali hilo kuliko ninavyoweza mimi. Leo naomba nimsimulie.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa na umri wa miaka minne hivi. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa na shamba, kinu cha unga na farasi wa mashindano huko Njoro. Mama yake hakuyaweza maisha yale, akarudi Ulaya. Mtoto akakua na watoto wa Kikalenjini wa pale shambani, akijifunza Kiswahili na kuwinda kwa mkuki.

Kilichomfunza biashara mapema ni kuanguka kwa baba yake. Mzee yule alikuwa ameweka mkataba wa kuuza unga kwa bei iliyopangwa. Ukaja ukame, bei ya nafaka ikapanda, naye akaendelea kutoa unga kwa bei ile ile mpaka akafilisika. Wenzangu mnaovuka Gatuna na Rusumo mnajua uchungu wa mkataba wa namna hiyo. Baba akaenda Peru kutafuta maisha mapya. Binti alibaki Kenya na farasi wachache, akapata leseni ya kufunza farasi wa mashindano akiwa bado kijana sana.

Urubani ulimjia mwaka 1931. Mwalimu wake alikuwa Tom Campbell Black, rubani mkuu wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na mwanamama mjane, Florence Kerr Wilson. Ilianza na ndege moja ndogo. Baadaye ndege zake zikawa zinabeba barua na abiria kwenda Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, zikiunganisha na ndege za Imperial Airways zilizotoka Uingereza. Kiwanja kidogo cha Nairobi, ambacho wengi wetu tumekipita, kinaitwa Wilson hadi leo kwa heshima ya mama huyo.

Mwaka ule ule, Denys Finch Hatton alianguka na ndege yake Voi, akafa pamoja na msaidizi wake, Kamau. Beryl alieleza baadaye kwamba alikuwa amealikwa kwenye safari hiyo, na Tom ndiye aliyemshauri asiende. Hakuacha kujifunza. Alipata leseni ya kwanza, ile ya kuruka bila kulipwa, na mwaka 1932 akarusha ndege yake ndogo aina ya Avro Avian peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza. Mwaka 1933 akapata leseni B, ile inayomruhusu rubani kubeba watu na mizigo kwa malipo. Alikuwa mwanamke wa kwanza Kenya kuipata.

Sasa angeenda kampuni gani? Ndipo swali la vijana wetu linapoingia. Katika miaka ile, mashirika makubwa hayakuwa yakiwapa wanawake usukani. Huko Marekani, Helen Richey aliajiriwa na Central Airlines mwishoni mwa mwaka 1934, lakini chama cha marubani kikakataa kumpokea, safari zake zikapunguzwa, na mwaka 1935 akajiuzulu. Hiyo ndiyo hali aliyoikuta Beryl.

Basi akajiajiri. Alibeba barua, dawa na vipuri kwa wachimba dhahabu waliokuwa mbali na barabara. Alifika hata Nungwe, upande wa Tanganyika, kupeleka oksijeni kwa mgonjwa. Aliwatafutia tembo wawindaji kama Bror Blixen: akiona kundi kutoka angani, aliandika lilipo na lilikoelekea, akatia karatasi katika kifuko na kukidondosha kambini. Ilikuwa kazi ya hatari. Injini ikizima juu ya pori, hapakuwa na kampuni ya kutuma ndege nyingine kumtafuta. Faida ilikuwa yake, na hasara pia ilikuwa yake.

Mwalimu wake alichukua njia nyingine. Tom aliijenga Wilson Airways tangu mwanzo, kisha mwaka 1932 akaiacha na kwenda Uingereza kuwa rubani wa tajiri mmoja, Lord Furness. Mwaka 1934, yeye na C. W. A. Scott wakashinda mashindano makubwa ya ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne. Alianza katika kampuni ndogo ya Nairobi, lakini ujuzi alioupata pale ulimfikisha mbali.

Tarehe 4 Septemba 1936, jioni, Beryl aliondoka Abingdon, Uingereza, kuelekea Marekani. Ndege, aina ya Vega Gull, haikuwa yake. Aliazimwa na John Carberry, mlowezi wa Kenya. Haikuwa na redio. Aliruka usiku kucha dhidi ya upepo, na baada ya saa zipatazo 21 mafuta yakakatika njiani kuelekea injini. Akatua kwenye bwawa la matope huko Cape Breton, Canada, pua ya ndege ikazama. Alitoka na jeraha kichwani, akiwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Wiki mbili baadaye, Tom aliuawa kiwanjani Liverpool, ndege nyingine ilipomgonga akiwa bado chini.

Je, sifa ile ilimlisha Beryl? Kwa muda tu. Alikwenda Marekani, akaandika kitabu cha maisha yake mwaka 1942, kikasifiwa kisha kikasahauliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa amerudi Kenya kwa farasi wake, na farasi aliowafunza wakashinda Derby ya Kenya mara kadhaa. Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, akiwa na fedha kidogo, mpaka kitabu chake kilipochapishwa tena Marekani mwaka 1983 na kumpatia kipato. Alifariki Nairobi Agosti 1986.

Mtu anaweza kusema: ona, angetafuta kampuni angekuwa na pensheni. Lakini tutazame kampuni zenyewe. Wilson Airways ilikufa vita vilipoanza mwaka 1939, ndege zake zikachukuliwa na jeshi. East African Airways iliyoanza safari mwaka 1946 ikasambaratika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, na marubani wake wakalazimika kutafuta pa kwenda. Uganda Airlines ilifungwa mwaka 2001, ikafufuka mwaka 2019 ikiwa kampuni mpya.

Kwa hiyo, kijana wangu, usichague rangi ya ndege. Uliza kwanza nani atakuketisha kando yake akufundishe, kama Tom alivyomfundisha Beryl. Uliza utapata saa ngapi za kuruka kwa mwaka, maana saa hizo na leseni yako utaondoka nazo. Cheo cha foleni huondoki nacho: katika mashirika mengi, ukihama unaanza mwisho wa mstari, hata kama kwingine ulikaribia kuwa nahodha. Usome pia mkataba wa mafunzo, kwa sababu mashirika mengi humfunga rubani mpya miaka kadhaa, na akiondoka mapema hudaiwa gharama. Baba yake Beryl alifilisika kwa mkataba aliouheshimu. Ni afadhali uusome leo, kabla hujatia sahihi, ukiwa bado na uhuru wa kusema hapana.

Na ukishaajiriwa, weka akiba. Beryl aliishi vizuri alipokuwa angani, lakini alizeeka chini kama sisi sote.