Mboya: Bwana afya wa Ziwani aliyeijua thamani ya lango la meli

Mnamo Machi 23, 2021, meli ya mizigo Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama kimshazari katika Mfereji wa Suez na kuuziba kwa siku sita. Mamia ya meli zilitia nanga pande zote mbili zikingoja njia ifunguliwe. Kwa mfanyabiashara wa Gikomba anayesubiri robota la mitumba kutoka Uingereza au Ujerumani, kisa hicho hakikuwa cha mbali, maana mzigo wa Ulaya ulipita Suez kabla ya kuteremshwa Mombasa na kupandishwa hadi Nairobi.

Katika Gikomba hiyo hiyo, kando ya pilkapilka za wachuuzi na hamali, lipo jumba la Solidarity, makao makuu ya Muungano wa Vyama vya Wafanyakazi, COTU. Msaada wa fedha wa vyama vya wafanyakazi vya Marekani ulichangia kulijenga, na aliyeutafuta msaada huo alikuwa kijana aliyeishi umbali mfupi kutoka hapo, mtaani Ziwani. Jina lake ni Thomas Joseph Mboya. Mengi yameandikwa kumhusu: safari za ndege zilizowapeleka wanafunzi ng'ambo, ufasaha wake, suti zake, na kifo chake. Halitajwi sana jambo moja lililomkuza mapema, nalo ni kwamba alitambua akiwa bado kijana kuwa uchumi wa nchi nzima hupenya katika lango moja jembamba, na kwamba kuli asimamaye langoni akikunja mikono, gavana hulazimika kumsikiliza.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako baba yake, Leonardus Ndiege, aliyetoka kisiwa cha Rusinga, alikuwa msimamizi wa vibarua. Alikua akizungumza Kikamba na Kiswahili kama alivyozungumza Kidholuo, na wapigakura wa Nairobi walikuja kuithamini hazina hiyo. Alisoma Kabaa, Yala na hatimaye Mang'u, lakini karo ikawa mzigo kwa baba aliyekuwa na watoto wengine wa kusomesha. Akaingia Jeanes School, Kabete, mwaka wa 1948 kusomea ukaguzi wa afya.

Basi akawa bwana afya wa Baraza la Jiji la Nairobi, akikagua maziwa, vyakula na majengo. Mshahara wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Mboya mwenyewe alipenda kusimulia jinsi bibi mmoja wa Kizungu alivyoingia katika maabara na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamkuta yeye peke yake, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama mle ndani hamna mtu. Mboya alimuuliza kama macho yake yana kasoro. Wengine walifukuzwa kazi kwa makosa madogo kuliko hayo.

Watumishi Waafrika wa Baraza walikuwa na jumuiya yao, ambayo haikuzidi kuwa mahali pa kunywea chai. Mboya aliigeuza kuwa chama halisi cha wafanyakazi, chenye wanachama, ada na madai. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 na viongozi wa KAU wakakamatwa, alijiunga na chama hicho wakati wengi walipokuwa wakikikimbia, akashika kwa muda kazi ya mweka hazina hadi kilipopigwa marufuku Juni 1953. Mwaka huo huo aliachana na Baraza la Jiji, na kabla haujakwisha akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Alfajiri ya Aprili 24, 1954, majeshi yaliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Operation Anvil. Mitaa ya Mashariki ndiyo iliyobeba uzito wake. Pumwani, Shauri Moyo, Bahati, Kaloleni, Ziwani yenyewe: watu walitolewa nyumbani, wakapangwa mistari na kuchujwa, na Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu wakapelekwa vizuizini, wakiwemo viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi. Mboya hakuzuiliwa. Wapo waliomshuku kwa sababu hiyo, na shaka hiyo haikumwacha kabisa hadi mwisho. Lakini shirikisho lake lilikuwa miongoni mwa sauti chache za Waafrika zilizobaki kisheria, nalo lililalamikia waziwazi kuzuiliwa kwa watu kwa jumla na kufukuzwa kwa familia majumbani, likipeleka malalamiko hadi kwa vyama rafiki vya Ulaya na Marekani. Siasa ilikuwa imefungwa kinywa. Mshahara ulikuwa bado unaweza kuzungumzwa, na Mboya aliutumia mwanya huo kuyazungumza yote.

Hapo ndipo Mombasa inapoingia. Makuli wa Kilindini walikuwa na historia ya mgomo. Januari 1947 waliusimamisha mji wa Mombasa kwa siku kumi na mbili, na katika vuguvugu hilo ukazaliwa muungano wa wafanyakazi Waafrika ulioongozwa na Chege Kibachia. Serikali ilimkamata Kibachia mwaka huo huo na kumtenga Kabarnet kwa miaka mingi, lakini haikuweza kuihamisha bandari. Kahawa, chai na pamba kutoka Uganda, katani, mashine za viwandani, mafuta, nguo: vyote vilipita mikononi mwa watu wale wale waliobeba magunia mgongoni. Meli isiyopakuliwa haina tofauti kubwa na meli iliyokwama mferejini. Inakula gharama kila siku, na nyuma yake nyingine zinazidi kufika.

Machi 1955 makuli waligoma tena kwa maelfu, wakidai nyongeza ya mshahara. Nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, mikutano ya hadhara ilihitaji kibali, na Mombasa ilikumbuka vyema mwaka wa 1947. Chama cha makuli kilikuwa kichanga na hakikuweza kuwadhibiti wanachama wake. Mboya aliteremka pwani. Waajiri walimtazama kama mchochezi, na kwa makuli alikuwa kijana wa bara asiyejua uzito wa gunia. Alichowaomba kilikuwa kigumu kumeza: warudi kazini kwanza, nao waajiri wakubali madai yao yaamuliwe na jopo la usuluhishi. Wangekataa, pengine leo tungemkumbuka kama mmoja wa vijana wengi waliomezwa na miaka ile. Walikubali. Jopo liliketi, Mboya akawatetea kwa hesabu na hoja, na makuli wakapata nyongeza iliyokaribia theluthi moja ya mshahara.

Kwa maoni yangu, ushindi ule ndio uliomfanya Mboya, kuliko mafunzo ya Oxford yaliyofuata. Ulimfundisha kwamba lango likifungwa kwa siku chache hutoa nguvu, na likifungwa kwa muda mrefu humgeukia mfungaji, kwa sababu kuli hana akiba na mwenye meli anayo. Pia ulimfundisha kuamini mno meza ya mazungumzo, na imani hiyo ilikuja kuwa na gharama yake.

Alikwenda chuo cha Ruskin, Oxford, mwishoni mwa 1955. Alipokuwa angali ng'ambo, Gamal Abdel Nasser aliutaifisha Mfereji wa Suez mnamo Julai 26, 1956. Uingereza, Ufaransa na Israeli ziliivamia Misri miezi mitatu baadaye, na Misri ikazamisha meli mferejini na kuuziba. Mboya alirudi Nairobi mwishoni mwa mwaka huo akiwa amepitia Marekani, akaikuta himaya iliyojivunia bahari zote imeaibishwa na mfereji mmoja. Machi 1957, mfereji ukiwa bado unaondolewa mabaki ya meli, Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Nairobi ilimchagua Mboya, aliyemshinda wakili Argwings-Kodhek katika uchaguzi ambao wengi hawakuruhusiwa kupiga kura.

Yaliyofuata yanajulikana. Aliongoza kikao cha mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra, Desemba 1958, akiwa na miaka 28. Ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 iliruka 1959. KANU ilipoundwa 1960 akawa katibu mkuu wake.

Palipo na utata ni baada ya hapo. Akiwa Waziri wa Leba mwaka wa 1962, alisimamia mkataba baina ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, uliotaka mizozo ipite katika hatua za mazungumzo kabla ya mtu kuweka chini jembe. Sheria na mahakama ya viwanda zikafuata. Mwaka wa 1965, baada ya mashirikisho hasimu kugombana, serikali ambayo Mboya alikuwa mmoja wa nguzo zake iliyavunja yote na kuunda COTU, ikiwa na mkono wake ndani. Nia ilikuwa kuiepusha nchi changa na migomo isiyokwisha. Matokeo yalikuwa kwamba kuli wa Kilindini alibaki na nafasi finyu ya kufanya kile kilichompa Mboya jina miaka kumi kabla. Wapinzani wake wa mrengo wa kushoto, Oginga Odinga akiwa mbele yao, hawakumsamehe, na sidhani walikuwa na makosa yote. Aliyepanda ngazi kwa mgomo alikuwa ameitoa baadhi ya vipago vyake.

Kisha lango likafungwa na watu asioweza kuketi nao mezani. Juni 5, 1967, vita vilipozuka kati ya Israeli na nchi za Kiarabu, Mfereji wa Suez ulifungwa tena, na meli 14 zikanaswa katika Ziwa Chungu Kuu, katikati ya njia. Mboya sasa alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, mwenye mpango wa maendeleo wa 1966 hadi 1970 mkononi. Bahati ya Kenya ni kwamba mafuta ghafi ya kiwanda cha Changamwe yalitoka Ghuba bila kuhitaji mfereji. Lakini kahawa na chai za kwenda London na Hamburg, na mashine za kuja huku, zililazimika kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari iliyoongezeka kwa maelfu ya kilomita, na nauli za mizigo zikapanda. Hapakuwa na jopo la kuliitisha wala mkutano wa kuhutubia. Ilibidi mipango ipigiwe hesabu upya.

Jumamosi Julai 5, 1969, mchana, Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa, na swali la aliyemtuma halijapata jibu mahakamani hadi leo. Ibada ya wafu katika kanisa la Holy Family iligeuka ghasia na vitoa machozi, kisha msafara ukampeleka magharibi hadi Rusinga, akazikwa.

Mpango wa maendeleo wa 1970 hadi 1974, uliotayarishwa na wizara yake, ulitoka bila yeye. Mfereji haukufunguliwa hadi Juni 5, 1975. Kati ya meli zile 14, mbili tu za Kijerumani, Münsterland na Nordwind, ndizo zilizoweza kurudi nyumbani kwa injini zao wenyewe, zikaingia Hamburg mwezi wa Mei mwaka huo na shehena iliyopakiwa miaka minane kabla.