Charlotte Brontë, Binti wa Kasisi Aliyetunga Vitabu

Katika miaka yangu ya ualimu vijana wengi waliniletea madaftari yenye hadithi walizotunga wenyewe. Baadhi yao walipeleka kazi zao kwa wachapishaji mara moja tu. Ziliporudishwa, waliyafungia madaftari sandukuni na hawakuandika tena. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazazi wao, leo nasimulia maisha ya Charlotte Brontë.

Charlotte alizaliwa tarehe 21 Aprili 1816 katika kijiji cha Thornton, Yorkshire, Uingereza. Baba yake, Patrick Brontë, alitoka katika jamaa maskini ya Ireland, akasoma kwa bidii hata akawa kasisi wa Kanisa la Uingereza. Mwaka 1820 alihamia parokia ya Haworth, mahali pa vilima na upepo mkali, na nyumba yao ilipakana na makaburi. Mwaka uliofuata mama yao alifariki, akaacha watoto sita. Mwaka 1825 dada wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, waliugua kifua kikuu wakiwa shuleni, wakafa. Charlotte, mwenye umri wa miaka tisa, akawa ndiye mkubwa.

Fedha hazikuwa nyingi nyumbani, lakini vitabu vilikuwapo. Mwaka 1826 baba aliwaletea askari wadogo wa mbao wa kuchezea. Charlotte, kaka yao Branwell, Emily na Anne wakaanza kuwatungia askari hao hadithi, wakaziandika kwa herufi ndogo mno katika vijitabu walivyovishona kwa mikono yao. Huko ndiko Charlotte alikojifunza kazi ya kuandika.

Alipokua akawa mwalimu. Desemba 1836 alimpelekea mashairi yake Robert Southey, mshairi mkuu wa Mfalme, akiomba shauri. Mzee huyo alikubali kwamba binti ana kipaji, lakini akamwonya kuwa uandishi haufai kuwa shughuli ya maisha ya mwanamke. Charlotte alimshukuru kwa heshima, na baadaye akaendelea kuandika. Mwaka 1844 alijaribu kufungua shule nyumbani kwao. Hakuja hata mwanafunzi mmoja.

Mwaka 1845 aliyakuta mashairi ya Emily. Emily alikasirika sana kuona yamesomwa bila ruhusa, akabembelezwa mpaka akakubali yachapishwe. Anne naye akatoa yake. Wakatumia sehemu ya urithi walioachiwa na mama yao mkubwa, zaidi ya pauni 30, kulipia uchapaji. Waliyaficha majina yao, wakajiita Currer, Ellis na Acton Bell, kwa kuwa waliona kazi ya wanawake haipimwi kwa mizani ya haki. Kitabu kilitoka mwaka 1846. Baada ya mwaka mmoja zilikuwa zimeuzwa nakala mbili tu.

Hawakukata tamaa, kila mmoja akaandika riwaya. Ya Charlotte iliitwa The Professor. Agosti 1846 alimpeleka baba yake Manchester kupasuliwa mtoto wa jicho, na siku ile ile ya upasuaji mswada ukarudi umekataliwa. Fikirini hali yake: baba amelala gizani, haijulikani kama ataona tena, na kazi yake imetupwa. Katika chumba hicho cha kupanga ndimo alimoanza kuandika kitabu kingine, Jane Eyre.

Huku nyuma The Professor ukazidi kusafiri. Kila uliporudi, Charlotte alifuta jina la mchapishaji wa kwanza juu ya kifurushi na kuandika la mwingine, bila kubadili karatasi, hata kila aliyeupokea aliona waliokwisha kuukataa. Mwaka 1847 ulifika kwa Smith, Elder wa London. Nao waliukataa, lakini kwa barua ya adabu iliyoeleza uzuri na upungufu wake, wakasema wangefurahi kuona kitabu kirefu zaidi. Agosti akawapelekea Jane Eyre. Bwana George Smith alianza kukisoma Jumapili asubuhi, hakukiacha mpaka alipokimaliza usiku. Oktoba kilikuwa madukani, na Januari 1848 toleo la pili likatoka.

Baba yake, ambaye macho yalikuwa yamepona, hakujua lolote. Charlotte alipomwambia ameandika kitabu, mzee alilalamika kuwa mwandiko wake utamwumiza macho. Binti akamwonyesha kwamba kimekwisha kupigwa chapa.

Furaha haikudumu. Branwell na Emily walifariki mwaka 1848, na Anne mwaka 1849. Charlotte aliendelea kuandika katika nyumba iliyonyamaza. Mwaka 1854 aliolewa na Arthur Bell Nicholls, kasisi msaidizi wa baba yake, akafariki tarehe 31 Machi 1855, hajatimiza miaka 39. The Professor, kile kitabu kilichokataliwa mara nyingi, kilichapishwa mwaka 1857, na mzee Patrick alikuwa hai kukiona.

Wahenga walisema, mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Wewe kijana uliyefungia daftari lako, lifungue. Isome tena barua ya aliyekukataa, urekebishe anachosema kweli, kisha uanze kazi nyingine. Nanyi wazazi, mkimkuta mtoto anaandika hadithi taa ikiwa imewashwa, msiizime upesi.